Sahani ya Chongo

Mwaka ule wanaume wa Likoni walikuwa wameacha kugombania mpira. Tangu kanda ya Ngurumo ifike kwenye banda la video, ugomvi ulikuwa mmoja tu, nao ni Chongo: alikuwa na haki ya kuuchoma mji ule, au hakuwa nayo? Waligombana kwa kinyozi, wakagombana kwenye kahawa, wakagombana hata msikitini wakingoja sala ikimiwe. Imamu mwenyewe, kama watu hawakumsingizia, aliulizwa fatwa akajibu kwamba sinema hiyo hajaiona, lakini kuchoma nyumba ya mtu ni haramu.

Mwanasaumu, au Saumu kama wengi walivyomwita, aliyasikia yote hayo akiwa kwenye cherehani yake. Duka la kushona alilofanyia kazi lilipakana na la Gona kinyozi, baina yao mabati matupu, na umbea wa upande ule ulimfikia bila ya kuutafuta. Alishona sare za shule akitabasamu peke yake, kwa sababu sauti iliyowatia wazimu watu wazima na ndevu zao ilikuwa sauti ya mchumba wake.

Msomaji aliyezaliwa juzi huenda asielewe, basi nimweleze. Zama zile za kanda, wengi waliokaa kwenye mabenchi ya banda hawakusikia Kiingereza. Kando ya televisheni alikaa mtu na kipaza sauti, akawasemea wote waliokuwamo humo ndani: shujaa, adui, mwanamke anayelia, hata mbwa anayebweka. Likoni mtu huyo alikuwa Rama. Sauti yake ilipenya makuti ikafika barabarani, na huko ndiko Saumu alikoisikia mara ya kwanza, ndoo ya maji kichwani, akasimama kuisikiliza mpaka shingo ikamuuma. Alimpenda kwa sauti kabla hajamwona. Sura ilipokuja ikawa nyongeza, na nyongeza yenyewe haikuwa mbaya.

Ngurumo alikuwa mtu mweusi anayeruka angani. Hilo peke yake lilitosha kulijaza banda, maana katika kanda walizozizoea mtu mweusi alikuwa ni wa kufungulia wenzake milango, au wa kufa mapema kabla watu hawajamaliza karanga zao. Huyu aliuvunja ukuta kwa sauti yake na wazungu wakamkimbilia kumwomba msaada. Watoto walifunga leso shingoni wakaruka kutoka juu ya kuta. Mmoja alivunjika mkono akatembea nao kifua mbele kama aliyetoka vitani. Lakini moyo wa mtu haupangiwi. Ngurumo walimpigia makofi, Chongo ndiye waliyemlilia, yule adui wa jicho moja ambaye, kwa maelezo ya Rama, alikuwa ndugu yake Ngurumo kwa baba.

Siku moja Gona alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nusu kimenyolewa, na mwenye kichwa alikuwa akisema Chongo ni mhalifu kama wahalifu wengine. Kama ana haki, kwa nini asiende kwa ndugu zake wakazungumza? Gona akaacha kunyoa. Akasema huyo hakuisikiliza sinema, alikuwa akila tu mihogo. Chongo alikwenda kuzungumza. Alikwenda na mvua yake, siku ya matanga ya babu yake mzaa baba, akasimama langoni kwa adabu. Kisha Gona akajikohoza na kuiga sauti ya Rama.

"'Ndugu zangu walikula sinia moja. Mimi nikaletewa sahani peke yangu. Na aliyeniletea ni dadangu wa damu, akaniangalia usoni, akaniambia: karibu, mgeni!'"

Wanaume waliokuwa wakingoja zamu wakaguna. Maneno yale yalikuwa yameshaenea Likoni nzima. Mtu akinyimwa kitu dukani, wenzake humcheka wakimwambia "karibu, mgeni". Yule mwenye kichwa akalegea kidogo. Akasema haya, hapo wamemwonea.

"Na baba yule nimemsamehe," akasema. "Wababa wana mambo yao. Lakini dada yule, ningekutana naye njiani ningemtemea mate."

"Dada yule ndiye adui wa sinema," Gona akasema. "Si Chongo."

Mguu wa Saumu ulitoka kwenye kanyagio la cherehani. Jirani yake kazini, Agneta, msichana wa Bara aliyefikia kwa binamu yake Magongo, aliinua kichwa kutoka kwenye vifungo alivyokuwa akivishikiza.

"Lakini dada gani huyo wanasemanga?" akauliza. "Mimi hiyo kanda niliiona kwa binamu yangu, na Kiingereza nasikia. Hakuna dada. Hata matanga hakuna. Yule mzee wa mlangoni ni mwenye benki, na Chongo anamwambia ampe funguo za dhahabu. Ni hivyo tu." Akacheka kwa nia njema. "Huyo Rama wako ni mwongo mtamu sana."

Saumu akacheka naye, maana angefanyaje? Dada yule alikuwa yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Babake, Mzee Bakari, mwenye shamba la minazi upande wa Mtongwe, ujanani alizaa na Jumwa, mwanamke wa Kigiriama aliyekuwa akipalilia shambani hapo. Mtoto aliitwa Karisa, akalelewa kwa wajomba zake, na jina lake halikutajwa nyumbani kwa Mzee Bakari. Alipokufa babu, Karisa alikuja matangani, kijana mrefu mwenye masikio ya Mzee Bakari matupu, akasimama langoni. Desturi yao ni kwamba siku ya matanga watu wa nyumba hula sinia moja, na mpita njia hupewa sahani yake. Mzee Bakari alimpa bintiye sahani akamwambia ampelekee mgeni. Saumu alikuwa mtoto wa kutumwa, lakini macho alikuwa nayo na minong'ono ya jikoni alikuwa ameshaisikia. Alijua anampelekea nani. Akaipeleka, akasema alivyofunzwa kumwambia mgeni.

Maneno hayo alikaa nayo miaka mingi, hadi alipompata wa kumtulia mzigo. Alimwambia Rama kwenye mawe ya pwani kule Shelly, akilia, na Rama alimfuta machozi kwa ncha ya leso yake mwenyewe Saumu, akamwambia yaliyopita si ndwele. Siku ile ndipo alipojua kwamba ataolewa na mtu huyu au hataolewa kabisa.

Baada ya alasiri Saumu aliaga kazini akaenda bandani. Mabenchi yalikuwa matupu. Rama alikuwa ameinamia deki ya video, akisafisha kile kichwa kinachosoma kanda kwa kitambaa na spiriti, na alipogeuka uso wake ulijaa furaha hata Saumu akatamani asiwe amejia alilolijia.

"Bibi harusi," Rama akasema. "Leo jua limechomoza magharibi."

"Rama, Chongo ameipata wapi sahani?"

Rama akakunja kitambaa chake taratibu. Hakujifanya haelewi, hilo Saumu alimshukuru nalo hata baadaye. Alimvutia benchi, na Saumu asikae. Basi akaeleza akiwa amesimama naye. Siku ya kwanza ya kanda ile, Chongo hakuwa na maana yoyote. Watu walikuwa wakipiga miayo, na mmoja alikwisha dai kiingilio chake. Ikafika pale Chongo amesimama langoni mvua inamnyeshea, mzee mlangoni, kinywa kinachezacheza. Rama akafungua mdomo hana la kusema, na lililotoka likawa hilo. Kuli mmoja mtu mzima, mabega kama mlango, alijifuta macho kwa fulana yake. Siku ya pili foleni ilifika barabarani.

"Sikuyaita, Saumu. Yalikuja yenyewe."

"Yalitoka kwangu. Hayakuja."

"Wewe uliniambia hakuna aliyemlilia kaka yako. Sasa watu wanamlilia. Hawamjui, lakini wanamlilia kila siku ya Mungu. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilikwambia wewe. Sikuyaambia mabenchi."

"Sikumtaja mtu jina."

"Umemtaja dada," Saumu akasema. "Leo nimekaa kwenye cherehani yangu nasikia watu wataka kunitemea mate. Wanamsamehe baba, wanamsamehe aliyeuchoma mji, mimi ndiye sisameheki. Na sinema hiyo mimi simo. Umenitia wewe."

Rama akainamisha kichwa. Mtu akiwa na macho yale hapaswi kuruhusiwa kuinamisha kichwa, maana mwanamke humhurumia upesi. Saumu alihisi mkono wake ukitaka kwenda wenyewe kwenye bega lile, akaufungia ndani ya buibui.

"Na sahani," akasema. "Mbona Chongo ameivunja?"

"Vipi?"

"Wanasema anaibwaga chini, inavunjika, ndipo anakwenda kuwasha moto. Mimi nilikwambia Karisa alifanyaje."

Rama akafikiri. "Ulisema aliila."

"Aliila yote. Akaenda mferejini akaiosha kwa mikono yake, akanirudishia, akaniambia asante, mdogo wangu. Kisha akenda zake. Hilo ndilo lililoniliza, Rama, wala si jingine. Mbona hilo hukulisema?"

"Sinema yataka moto, Saumu," Rama akajibu kwa upole, kama anayemfundisha mtu kazi. "Mtu akiosha sahani, mji hauungui."

Alilisema bila ya ubaya wowote, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Saumu akaona kwamba siku ile ya mawe ya Shelly kulikuwa na masikio mawili yaliyomsikiliza, moja la mchumba na moja la mtu wa banda, na hili la pili lilikuwa tayari likichagua.

"Umeweka kiingilio kwenye msiba wetu," akamwambia.

Ndipo Rama alipoogopa. Akamshika mikono yote miwili juu ya buibui, akamwapia. Atalitoa neno lile. Sinia, sahani, dada, vyote atavitoa; atamrudisha Chongo kwenye dhahabu yake, na watu wakitaka wadai kiingilio. "Wallahi nitalitoa. Jumamosi njoo kipindi cha kina mama usikie mwenyewe. Jumapili washenga wanakuja kwenu, Saumu. Usiniache kwa maneno ya sinema."

Saumu hakumjibu ndiyo wala la. Lakini mikono hakuiondoa mara moja, na sote tunajua hilo ni jibu la aina gani.

Nyumbani alimkuta babake kibarazani na chai yake ya rangi, haijanywewa, imefanya utando juu. Mama Saumu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na tangu hapo baba na binti walikaa wawili tu, wakisemezana kwa maneno machache yaliyotosha. Saumu alimwamkia, akaitikiwa, akaanza kuingia ndani.

"Saumu."

"Abee, baba."

"Keti."

Akaketi. Mzee Bakari akauliza kama amesikia linalosemwa mjini, lile la sinia na sahani. Yeye amelisikia leo kwenye kahawa. Kijana mmoja alilisema kwa kuchekesha, wazee wakacheka, na yeye akacheka nao, kisha akaweka kikombe akaondoka. Aliyasema hayo akitazama minazi.

"Pale langoni tulikuwa watu watatu," akasema. "Mimi niliyetoa sahani, wewe uliyeipeleka, na yule. Mimi sikusema. Wewe mwanangu wajua kufunika mambo. Amebaki nani?"

Saumu akakitazama kile kikombe cha chai.

"Yule mwana wa Jumwa ameniuza," Mzee Bakari akaendelea. "Amekwenda kwa watu wa banda akawauzia aibu yangu. Na huyo mchumba wako masikini ya Mungu pengine hata hajui alisemalo ni la kwa nani." Akakohoa. "Sikukwambia, lakini mwezi huu nilikuwa na nia ya kumwita. Nasikia yuko huko Bamburi kwenye machimbo. Mtu akizeeka huanza kuhesabu walio wake. Nilitaka nimwite aje akae hapa, tule naye. Sasa basi. Nami nikifa asije. Akija, fungeni lango."

Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, ya mzazi anayetaka kumfurahisha bintiye, akamkumbusha kwamba Jumapili washenga wanakuja kuchukua jibu. Kazi ya Rama yeye haimpendezi, mwanamume kukaa gizani akibweka kama mbwa, lakini bintiye amempenda, na yeye amekubali. Pilau ipikwe. Watakula sinia moja na wao, kama ilivyo desturi posa ikikubaliwa.

Hapo Saumu alikuwa na neno moja tu la kusema, na alilijua. Akilisema, babake atajua siri imetoka kwa nani na imekwenda kwa nani, na posa ya Rama itakuwa imekufa hapo hapo kibarazani. Akilimeza, Karisa atafungiwa lango mara ya pili kwa kosa asilolifanya. Alimfikiria Karisa, mtu aliyemwona mara moja maishani. Akamfikiria Rama, ambaye mikono yake ilikuwa bado ya moto juu ya mikono yake. Penzi lina choyo, na Saumu alikuwa msichana kama wasichana wengine. Akasema, "Naam, baba," akachukua kikombe cha chai akaenda kukiosha.

Jumamosi alikwenda. Alijiambia kwamba Rama akilitoa neno lile, watu watalisahau. Likoni husahau upesi, keshokutwa itakuja kanda nyingine ya karate. Babake naye atasahau, na Karisa atakuja kuitwa, polepole, harusi ikishapita. Alijiambia mengi njiani.

Banda lilikuwa limejaa leso na watoto. Saumu alipata nafasi benchi ya nyuma, kando ya mwanamke aliyekuwa akinyonyesha. Rama alimwona akiingia, akaiweka sawa kola yake, na sinema ilipoanza Saumu alijikuta akimsikiliza kama siku ile alipokuwa na ndoo kichwani. Subhanallah, mtu yule alijaliwa. Ngurumo aliponong'ona, banda zima lilisogea mbele. Alipopiga ukelele, vitoto vikaziba masikio. Saumu alimpenda upya, pale pale, na alichukia jinsi alivyompenda.

Ikaja mvua. Chongo akasimama langoni na jicho lake moja. Mzee akatokea mlangoni. Rama alivuta pumzi, akamtazama Saumu kule nyuma, akasema kwenye kipaza sauti:

"'Mzee, nipe funguo. Nimekuja kuchukua dhahabu yako.'"

Mwanamke mmoja benchi ya mbele akageuza uso.

"Siyo hivyo," akasema. "Rama, siyo hivyo."

Kabla Rama hajajibu, yule mwanamke akaanza mwenyewe. Ndugu zangu walikula sinia moja. Wengine wakadakia, kisha benchi ya pili, kisha banda zima, wanawake na watoto, sauti zikipandana kama wanaosoma maulidi. Mimi nikaletewa sahani peke yangu. Na aliyeniletea ni dadangu wa damu. Watoto walikuwa wakilingoja la mwisho, na walipolifikia walilipigia kelele mpaka makuti yakatikisika: karibu, mgeni!

Yule mwanamke wa kando akamgonga Saumu kwa kiwiko, mtoto titini. "Dada gani yule, shoga? Hana hata haya."

"Alikuwa mtoto," Saumu akasema.

"Mtoto? Nani kakwambia? Mtoto hasemi maneno kama yale."

Saumu akainua macho kumtafuta Rama, mtu pekee mle ndani aliyejua. Rama alikuwa amekishusha kipaza sauti mapajani ili awaachie watu waseme. Midomo yake ilikuwa ikienda pamoja nao, neno kwa neno, na alikuwa akitabasamu. Halikuwa tabasamu la dharau. Lilikuwa la mtu anayesikia wimbo wake ukiimbwa kwenye harusi ya watu asiowajua. Halafu akakumbuka, akatupa macho benchi ya nyuma, na tabasamu likamtoka. Saumu alikuwa tayari ameshaliona.

Rama angelia kwa hasira, au angemkaripia yule mwanamke, au angedondosha kipaza sauti, Saumu angeweza kumsamehe. Hata angelikuwa ameshindwa tu, angemsamehe. Lakini alifurahi. Saumu alitoka akipita baina ya magoti ya watu, na nyuma yake sahani ya Chongo ikavunjika, na banda likapiga makofi.

Jumapili asubuhi alimkuta babake akichagua koti la kuvaa mbele ya wageni. Alimpa shikamoo, akabaki amesimama.

"Baba, kaka hakusema neno."

Mzee Bakari akageuka. "Kaka nani?"

"Kaka Karisa. Ni mimi niliyesema. Nilimwambia Rama, naye akayapeleka bandani. Kaka pengine hata hajui kwamba kuna banda."

Mzee Bakari alikaa kitandani na koti lake mkononi. Saumu alikuwa akitarajia makelele, na alikuwa tayari kuyapokea. Jikoni pilau ilianza kunukia. Babake akamuuliza, kwa sauti ndogo, kama anajua kwamba neno hilo limeikata posa yake.

"Najua."

"Na wampenda."

"Nampenda, baba."

"Basi hao washenga nitawaambia nini?"

"Nitawaambia mimi," Saumu akasema.

Walikuja adhuhuri, wazee watatu waliovaa kanzu nyeupe, mkubwa wao akiwa ami yake Rama, mtu wa Kisauni mwenye heshima zake. Walikaribishwa, wakaulizana hali za watu na za mashamba, wakasifu kivuli cha nyumba. Mkeka ulitandikwa. Wazee wakakunja mikono ya kanzu, tayari kuzunguka sinia na mwenyeji wao.

Saumu alitokea mwenyewe, ushungi umefunga uso nusu. Mkononi alikuwa na sahani. Aliiweka mbele ya ami yake Rama, akarudi, akaleta ya pili, akarudi, akaleta ya tatu. Kila mzee na sahani yake. Babake hakuletewa kitu.

"Karibuni, wageni," akasema.

Ami yake Rama aliitazama sahani. Naye bila shaka alikuwa ameshakaa kwenye benchi za mwana wa nduguye, au ameshasikia kwa waliokaa. Wenzake wakamtazama yeye. Mzee yule akasema bismillahi, akala, kwa sababu alikuwa mtu mzima na alijua adabu ya nyumba ya watu. Alipomaliza alimwambia Mzee Bakari kwamba wamefahamu, kwamba riziki hupanga Mungu, na kwamba wao hawana kinyongo. Wakanawa, wakaaga. Posa nayo ikaondoka pamoja nao, ikashuka njia ya minazi ndani ya kanzu zao nyeupe.

Saumu alikusanya vyombo. Hakulia, alijua kilio chake kiko njiani, na kwamba kitakaa sana kitakapofika. Sinia kubwa alikuwa ameliacha jikoni limejaa pilau, halijaguswa na mtu, na alipoliona akaegemea ukuta.

Alasiri upepo uligeuka. Kutoka upande wa barabara ikaja sauti ya Rama, mbali, imepenya makuti na minazi. Ama alikuwa hajaambiwa, ama alikwisha ambiwa na kazi ni kazi. Moyo wa Saumu, mjinga wa mioyo yote, ukaruka kama siku zote. Sauti ile ikanyamaza kidogo, ikifanya kusudi, kisha banda zima likapiga ukelele wake wa mwisho, na pale kibarazani baba na binti wakausikia wote wawili.

Mzee Bakari alingoja mpaka makofi yakaisha.

"Huko Bamburi," akasema, "kaka yako yuwakaa wapi?"

Likoni nzima ilijua maneno aliyoambiwa Karisa siku ile langoni. Watoto waliyajua kwa moyo. Saumu mwenyewe alikuwa ameyabeba tangu utotoni, na leo alikuwa ameyalipia kwa mtu pekee aliyewahi kumpenda.

"Sijui, baba," akasema.